Hoho ndani ya sufuria: kuiga mwanga wa Edward Weston

Wanaokuja kwangu kujifunza picha za vyakula na bidhaa huwa nawapa hoho kabla sijawaruhusu kugusa taa. Hoho moja, dirisha moja, na picha moja ya nyeusi na nyeupe ya kuiga: "Pepper No. 30" ya mpiga picha Mmarekani Edward Weston, aliyoipiga Agosti 1930 huko Carmel, California. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni mwili wa mtu, mgongo uliojikunja na misuli ya mabega. Wengi hunirudia na hoho iliyowekwa mbele ya kitambaa cheusi, rangi imeondolewa, wakiamini kazi imekwisha. Haijaanza. Siri ya picha ile ni faneli.

Weston alikuwa akipiga hoho tangu 1927, na shida yake ilikuwa ile ile ya kila anayepiga kitu kidogo mezani: nyuma uweke nini? Kitu kikiwa mbele ya ukuta mweupe kinaonekana kama kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Kikiwa mbele ya kitambaa cheusi, upande wake wenye kivuli unamezwa na giza, hujui kinaishia wapi. Agosti ile akaiweka hoho kwenye mdomo wa faneli kubwa ya bati, na katika shajara yake akaandika kwamba faneli ilimpa mandhari aliyoihitaji na pia ilirudisha mwanga kwenye kingo muhimu za hoho. Mambo mawili kwa kipande kimoja cha bati! Ukuta wa faneli ulio mbali na dirisha unapokea mwanga na kuurudisha kwenye upande wa kivuli. Ukuta ulio karibu na dirisha unabaki giza nyuma ya upande unaong'aa. Matokeo yake, upande mweupe wa hoho unakaa juu ya giza, na upande wa giza unakaa juu ya weupe hafifu. Iangalie picha tena ukiwa na jambo hilo akilini.

Faneli kubwa unaweza kuchongewa na mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, lakini mimi hutumia sufuria. Chagua ya alumini, yenye kina, na iwe kuukuu. Sufuria mpya inang'aa kama kioo: itaonyesha dirisha lako, simu yako na shati lako. Ile iliyosuguliwa kwa steelwaya miaka nenda rudi imepata ufifi unaotawanya mwanga taratibu, na huo ndio tunaoutaka. Ilaze ubavu mdomo ukielekea kamera, iegemeze kwa matambara isiviringike, kisha weka hoho karibu na mdomo, si ndani kabisa. Dirisha liwe ubavuni, juu kidogo ya meza. Halafu zungusha sufuria nyuzi chache kulia na kushoto ukiwa umetazama hoho tu. Utauona mstari wa mwanga ukitembea kwenye ukingo wa kivuli. Simama pale unapokuwa mwembamba.

Kuhusu dirisha lenyewe, vitabu vingi vinasema tafuta linalotazama kaskazini kwa sababu haliingizi jua. Ushauri huo uliandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Juni na Julai jua letu linapita kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu. Desemba na Januari jua limehamia kusini ya utosi, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Ukiwa na dirisha moja tu, ning'iniza shuka jeupe jepesi na usihangaike.

Sasa hoho. Usinunue zile nzuri zilizopangwa mbele ya meza, zimenyooka mno. Mwombe muuzaji zile zilizopinda, zilizokua zikibanana na nyingine au na shina. Atakushangaa, na pengine atakupunguzia bei. Ifute kwa kitambaa kikavu. Usiipake mafuta wala kuinyunyizia maji, maana vidoti vyeupe vya mafuta vinavunja zile mbonyeo ndefu za mwanga ambazo ndizo zinazoleta sura ya mwili.

Kamera ya Weston ilitumia filamu ya inchi 8 kwa 10, karibu sentimita 20 kwa 25. Kwa filamu kubwa namna hiyo na kitu kilicho karibu, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno, kwa hiyo alilazimika kufunga sana tundu la lenzi. Mwanga kidogo hivyo ulidai filamu iachwe wazi kwa dakika sita, na katika muda wote huo mtikisiko wa meza tu ungetosha kuharibu kazi. 

Usijaribu kufunga tundu kiasi hicho. Kwenye kamera za siku hizi, ukipita f/16 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi linapungua) mwanga unaanza kutawanyika kwenye tundu na picha inapoteza makali. Weston alivumilia hilo kwa sababu alichapa negativu kwa ukubwa wake ule ule bila kuikuza. Tumia f/11, tripodi, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na uiache shata, yaani pazia la kamera, ichukue sekunde nzima ikihitaji. Mwenye simu ana nafuu: kihisi chake ni kidogo, kina cha ukali kinapatikana bila jasho. Rudi nyuma kidogo, kisha kata picha baadaye. Tatizo la simu ni huruma yake kwa vivuli. Inaving'arisha hata ambapo hukuiomba. Bonyeza hoho kwenye kioo mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga hadi sehemu nyeupe kabisa ya hoho ianze kuonyesha ngozi.

Kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe kunakuja mwisho, na si kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lightroom ya simu, programu ya kuhariri picha, inakuruhusu kupandisha au kushusha kila rangi peke yake. Kwa hoho ya kijani, pandisha kijani na njano taratibu, usiguse sufuria. Hoho nyekundu ina uhuru zaidi: nyekundu ukiipandisha inakuwa kama ngozi laini, ukiishusha inakuwa kama chuma. Naipenda ya pili, ingawa Weston mwenyewe alitumia ya kijani.

Sufuria hiyo hiyo inafaa kwa kitunguu swaumu, kifuu cha nazi, hata balbu iliyoungua. Kwa yai punguza mwanga zaidi, maana ganda jeupe linarudisha mwanga kwenye bati na bati linaurudisha tena kwenye ganda, mpaka kivuli chote kinapotea. Kipande cha karatasi nyeusi ndani ya sufuria, upande ulio mbali na dirisha, kinakata mzunguko huo.