Kabla ya Kuhesabu Nyota za Hoteli, Hesabu Hatua za Mtoto

Kwa miaka tisa nimekuwa nikizipangia familia safari za majira ya baridi katika milima ya Alpi, nyingi zikiwa familia za Waswahili wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, na chache zikitoka Nairobi au Muscat. Jambo ninaloulizwa kwanza, karibu kila mara, ni idadi ya nyota za hoteli. Mimi huanzia kwingine: je, mtoto wa miaka mitano atatembea hatua ngapi kutoka chumba cha kuhifadhia skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, hadi pale anapopokelewa na mwalimu wake?

Umuhimu wa swali hilo huonekana mara mtoto anapovishwa viatu vya skii. Kiatu hicho ni gamba gumu la plastiki linalobana mguu hadi juu ya kifundo, nacho kifundo hakikunjiki, hivyo mtoto hutembea kama aliyefungwa banzi miguu yote miwili. Katika msimu wangu wa kwanza niliipeleka familia moja kwenye hoteli nzuri sana, yenye bwawa la maji ya moto na ukumbi wa michezo, iliyokuwa mita 600 tu kutoka kwenye lifti inayopandisha watu mlimani. Sikuwa nimeangalia kwamba mita hizo zote zilikuwa za kupanda mlima. Kufikia Jumanne baba alikuwa akibeba jozi tatu za skii begani na mtoto mmoja mgongoni. Kosa lilikuwa langu, wala hoteli haikuwa na lawama.

Kijiji ninachokitumia kama kipimo ni Serfaus, katika jimbo la Tirol nchini Austria, takriban mita 1,430 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Innsbruck unapanda treni hadi Landeck-Zams, kisha basi linalokwea bonde. Wenyeji walichoshwa na msongamano wa magari katika barabara yao moja nyembamba, na mwaka 1985 wakafungua reli ya chini ya ardhi kijijini humo, yenye urefu wa kilomita 1.3 hivi na vituo vinne, ambayo behewa lake huelea juu ya hewa iliyoshindiliwa huku likivutwa kwa kamba ya chuma. Hailipiwi nauli. Kituo cha mwisho kiko kwenye lifti zinazokwea hadi Komperdell, ambako watoto wana uwanja wao, Kinderschneealm, wenye mikanda inayotembea ambayo mtoto husimama juu yake na kupandishwa taratibu bila kuning'inia popote. Kwa hiyo hata hoteli iliyo mbali na lifti hapo Serfaus inafaa, mradi iwe karibu na kituo, jambo ambalo katika vijiji vingine halipo.

Jambo la pili ni saa. Hoteli nyingi za familia hutangaza kwamba zina walezi wa watoto, lakini tangazo halisemi kama walezi hao wapo hadi saa kumi na moja jioni au hadi baada ya chakula cha usiku, wala kama wanampokea mtoto ambaye bado anavaa nepi. Uliza kwa maandishi. Uliza pia kozi za skii zinaanza siku gani, kwa sababu wageni wengi hufika Jumamosi na makundi ya watoto huanza Jumapili au Jumatatu. Ukifika Jumatano, mwanao ataingia katika kundi ambalo tayari linajua kusimama. Viatu vikodishwe jioni ile ile ya kufika, kwani Jumapili asubuhi foleni huwa ndefu. Kuhusu bei nitasema moja tu: wiki zinazofuata sikukuu ya tarehe 6 Januari huwa nafuu kuliko Krismasi na kuliko likizo za shule za Februari.

Kuhusu jua, wazazi wetu hubishana nami kila mwaka, wakiamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya kujikinga. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi na macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mbichi huweza kuirudisha juu hadi asilimia 80 yake. Hata ngozi ikistahimili, macho hayatastahimili. Miwani ya theluji ya mtoto si pambo.

Chakula cha asubuhi na cha usiku kwa kawaida kimo ndani ya bei, nanyi mtapewa meza moja ya kukalia wiki nzima. Familia za Kiislamu ziandikie jiko kabla ya kufika, si mezani, kwa sababu matonge ya mkate yaitwayo Knödel mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na zabibu za Kaiserschmarrn, chapati tamu ya mayai iliyokatwakatwa, huenda zikawa zimelowekwa katika ramu. Nikiandika mapema, majibu ninayopata huwa ya heshima na yenye maelezo kamili.

Limebaki la sauna (chumba cha joto kali cha kutolea jasho), ambalo watu huona haya kuliuliza. Nchini Austria wanaume na wanawake huingia pamoja bila nguo, na nguo za kuogelea, ambazo bwawani ni lazima, humo ndani kwa kawaida haziruhusiwi. Hoteli nyingi za familia zimetenga sauna ya pili inayoruhusu nguo hizo, au saa maalumu za wenye watoto. Ratiba yake hupatikana mapokezi, na ni vyema kuisoma kabla watoto hawajawatangulia kuufungua mlango.