Bango la kizamani: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukitaka bango lionekane la zamani, litie ukahawia.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote kwa watu wa grafiksi hapa Kigoma, nami niliishika kwa miaka. Mama mmoja anayeuza mawese Kibirizi aliniomba bango la ukutani, "kama matangazo ya maduka ya zamani." Nikafunika kila kitu kwa picha ya karatasi kuukuu yenye madoa na mikunjo. Akalitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, mawese yangu mekundu. Hapa mbona kama pamemwagikiwa chai?"

Alisema kweli. Ule unjano ni uzee wa karatasi. Karatasi ya bei nafuu ina lignini ya mti, na lignini ikikaa kwenye mwanga na hewa hubadilika rangi. Siku bango linatoka mashineni rangi zake zilikuwa zinawaka. Ukahawia wa sepia nao ni wa picha za kamera, zilizotiwa dawa ili zidumu.

Ukale wenyewe uko kwenye uchache wa rangi. Katika uchapaji wa jiwe, yaani picha huchorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa kwenye karatasi, aliouvumbua Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya 1790, kila rangi ilidai jiwe lake, na karatasi irudi tena mashineni. Kuongeza rangi kulikuwa kuongeza gharama, ndiyo maana wachoraji wengi walijibana.

Kwa hiyo bango la pili nililianza upya kwa rangi mbili tu, nyekundu na kijani kizito, juu ya weupe wa karatasi. Kwenye programu ya picha, kila rangi na leya yake, yaani tabaka lake peke yake. Leya ya juu nikaiweka kwenye Multiply, hali inayochanganya rangi kama wino juu ya wino, na pale shada la chikichi lilipopandana na majani pakatokea weusi wa kahawia. Hiyo ni rangi ya tatu bila wino wa tatu, nikaitumia kwa kivuli na maandishi. Kisha nikaisogeza leya nyekundu pikseli 6 kulia. Ukingoni mwa matunda ukabaki mstari mwembamba mweupe, kama ilivyotokea zamani karatasi isipokaa sawasawa. Kwenye chapa ya nukta 300 kwa inchi hiyo ni nusu milimita. Ukizidisha sana, mtu ataona kosa la mchapaji.

Dhana: Bila Photoshop haiwezekani.

GIMP, programu ya kuchezea picha kama Photoshop, ni ya bure, ipo tangu 1996, ina leya na ina Multiply. Tusonge mbele.

Dhana: Herufi za zamani ni zile zenye mapambo mengi.

Zipo za namna hiyo, lakini tazama bango la meli Normandie alilochora A. M. Cassandre mwaka 1935: omo la meli limekujia usoni, kubwa, na maneno machache ya herufi nyoofu chini. Basi. Sisi tukichora meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kushushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915, tunaichora ubavuni, na jua linazama, na milima ya Kongo, na ndege watatu. Nenda gatini, inama karibu na maji, uitazame kutoka chini. Umbo peke yake linatosha kujaza karatasi, na jina likakaa kwa herufi ulizochora kwa mkono.

Dhana: Likipendeza kwenye skrini, litapendeza ukutani.

Kwanza ukubwa: karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na picha iliyobanwa na WhatsApp kwa kawaida haifiki huko. Pili, skrini ni taa na wino si taa. Wekundu wangu uliokuwa unawaka ulitoka umefifia steshenari. Nikachapa kipande cha ukubwa wa kiganja, nikarekebisha, nikachapa tena. Cha tatu nilikwenda nacho Kibirizi, nikakiweka juani kando ya dumu la yule mama, tukavitazama pamoja.