Jenereta za ziada za jeshi: maana yake, na yanayozikuta mpakani

Jenereta ya ziada ya jeshi ni mtambo wa kufua umeme ambao serikali iliununua kwa ajili ya majeshi yake, kisha ikatangaza kuwa hauhitajiki tena na kuuza kwa raia, mara nyingi kwa mnada. Ziada haimaanishi mbovu. Moja inaweza kuwa imekaa ghalani miaka mingi bila kuwashwa, na jirani yake kwenye mnada huohuo ikawa imekesha jangwani mpaka injini ikachoka. Nchini Marekani, mali hizi hupitia DLA Disposition Services, idara yenye makao makuu Battle Creek, Michigan. Ujerumani ina VEBEG, kampuni ya serikali inayouza vilivyoachwa na jeshi.

Zinazotafutwa zaidi ni za familia ya MEP (Mobile Electric Power, yaani umeme wa kuhamishika) ya Marekani: MEP-802A ya kilowati 5, MEP-803A ya 10, MEP-804A ya 15, MEP-805A ya 30 na MEP-806A ya 60. Sababu inaeleweka. Ni za dizeli, na zile za Hz 60 (umeme unaobadilika mara 60 kwa sekunde) huzunguka mara 1,800 kwa dakika, nusu ya kasi ya jenereta ndogo nyingi za madukani, kwa hiyo injini hailiki haraka. Mfumo wake wa umeme ni wa aina ambayo fundi mwenye kipimo na mchoro anaweza kuufuatilia waya kwa waya. Kwa hospitali ndogo au shamba lililo mbali na gridi, ni mtambo wa maana kwelikweli. Ndiyo maana wanunuzi wa nje ya nchi huvutiwa nazo, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Wengi huamini kwamba ujeshi wa mtambo uko kwenye rangi ya kijani: ukiupaka upya, umekuwa wa kiraia. Sheria za kusafirisha bidhaa nje huuliza jambo jingine, yaani mtambo ulibuniwa kwa ajili ya nani. Mkataba wa Wassenaar, wa nchi zinazodhibiti kwa pamoja uuzaji wa silaha nje, ulioanzishwa mwaka 1996 na wenye nchi wanachama 42, una orodha ya pamoja ya bidhaa za kijeshi, na ndani yake zimetajwa jenereta za kuhamishika zilizobuniwa mahsusi kwa matumizi ya jeshi. Hazina risasi wala mzinga, lakini zimo. Jenereta ya kawaida ya kubebeka Marekani huipa namba 2A994 katika orodha yake ya udhibiti, wakati ile ya uwanjani ya jeshi huangukia 0A617, kwenye aya ya y, ambayo ni ngazi ya chini ya vifaa vya kijeshi vinavyosimamiwa na Wizara ya Biashara. Kwa nchi nyingi ngazi hiyo haidai leseni. Kwa nyingine, China na Urusi zikiwemo, inadai, na ombi linaweza kukataliwa.

Kuna kosa moja ningependa kila mnunuzi aliepuke. Matangazo ya minada ya Marekani huonyesha herufi inayoitwa msimbo wa DEMIL, na jenereta nyingi hubeba herufi A. Herufi hiyo inaeleza kama kifaa kinapaswa kuharibiwa kabla ya kutoka mikononi mwa jeshi, na A ina maana kwamba hakuna cha kuharibu. Haitoi ruhusa ya kuvuka mpaka. Mtu anaiona A, anadhani njia ni nyeupe, analipa, kisha mzigo unakwama bandarini kwa sababu hakuna aliyeuainisha kwa ajili ya kusafirishwa nje. Mambo haya mawili hayabadilishani nafasi.

Vilevile kuna cheti cha mtumiaji wa mwisho, ambacho kwa mali fulani mnunuzi hukijaza kwenye fomu ya DLA namba 1822 kabla ya kukabidhiwa. Humo anaeleza yeye ni nani, atakitumia wapi na kwa kazi gani. Ni tamko kwa serikali, kwa hiyo anayeandika kwamba mtambo ni wa shambani kwake ilhali tayari ana mteja ng'ambo, anajiingiza kwenye kesi.

Halafu jiulize nani ndiye msafirishaji mbele ya sheria. Minada huuza mali palepale ilipo, na muuzaji hujitoa mara gari lako linapotoka getini. Kama hukuteua wakala, mzigo hauna mwenyewe kwenye makaratasi. Kutoka Marekani, bidhaa ya thamani inayozidi dola 2,500 huhitaji taarifa kwenye mfumo wa elektroniki wa usafirishaji. Shehena ya kwenda Canada husamehewa taarifa hiyo ikiwa haihitaji leseni.

Upande wa kuingia, forodha yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Seti za jenereta ziko kwenye kichwa 8502 cha mfumo wa kimataifa wa uainishaji, na zile za dizeli zisizozidi kVA 75 ni 8502.11. Kilowati 60 za MEP-806A, zikigawanywa kwa kipengele cha nguvu cha 0.8 (uwiano wa kilowati kwa kVA), ni kVA 75 kamili, kwa hiyo familia yote niliyoitaja inaingia humo. Nchi ya asili ni pale mtambo ulipotengenezwa, hata kama umeununua kwingine, na ada ya mnada unayomlipa muuzaji juu ya bei ifichuliwe unapotaja thamani.

Kinachowaumiza watu kweli ni moshi. Injini za jeshi la Marekani zinaweza kusamehewa viwango vya kiraia vya utoaji hewa chafu kwa sababu za usalama wa taifa. Msamaha huo ulitolewa kwa ajili ya jeshi, wala haumfuati mnunuzi wa ng'ambo. Canada ilianza kudhibiti injini za dizeli za mitambo isiyo ya barabarani kwa modeli za mwaka 2006 na kuendelea, hivyo mwaka ulioandikwa kwenye bamba la injini unaweza kuamua kila kitu. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: mashine kuukuu inayoingia kwa mara ya kwanza kutoka nje huhesabiwa kama mpya, na alama ya CE, inayoonyesha kwamba bidhaa inatimiza masharti ya Umoja huo, inatakiwa.

Mitambo ya zamani huweza kuwa na asbesto kwenye gasketi na vifungio vya bomba la moshi. Australia imepiga marufuku kuingiza asbesto tangu tarehe 31 Desemba 2003, Canada tangu Desemba 2018. Udongo uliogandamana chini ya fremu huoshwa wote, tangi hutolewa mafuta, na mbao za kufungashia ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri.

Usisahau umeme wenyewe. MEP-803A na MEP-813A zinafanana kwa sura na zote ni za kilowati 10, ila ya kwanza hutoa Hz 60 na ya pili Hz 400, umeme wa mifumo ya kijeshi kama rada, ambao kwenye nyumba au kiwanda ni kama haupo. Tarakimu moja tu, na pesa yako imezama. Anayetoka nchi ya Hz 60 kwenda ya Hz 50 atashusha kasi hadi mizunguko 1,500, na nguvu itapungua kwa takriban sehemu moja ya sita, tena ikiwa kirekebisha volti na kidhibiti kasi vinakubali.

Haya yote yanaanzia kwenye picha ya bamba la maelezo, na muuzaji asiyeitoa ni wa kuachana naye. Tafuta namba ya ghala (NSN, namba ya kuorodheshea vifaa vya jeshi) yenye tarakimu 13. Nne za kwanza ziwe 6115, kundi la jenereta na seti zake. Mbili zinazofuata hutaja nchi iliyoisajili: 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 21 Canada, 66 Australia, 99 Uingereza. Namba hiyo, pamoja na modeli na mwaka, ndiyo wakala wa forodha anayoihitaji ili akupe jibu kabla hujaweka dau.