Tathmini ya athari za mradi kwa nyumba za bei nafuu ni nini hasa?

Ukisikia jiji limefanya tathmini ya athari za mradi mpya kwa nyumba za bei nafuu, maana yake kabla developa, yaani mwekezaji anayejenga, hajapewa kibali au kiwanja hakijabadilishiwa matumizi, kuna watu wamekaa wakapiga hesabu ya vitu viwili: zitaongezeka nyumba ngapi ambazo mtu wa kipato kidogo anaweza kuzilipia, na zitapotea ngapi. Hilo la pili ndo linasahaulika mara nyingi, na ndo linaloumiza watu.

Tuseme kuna jengo la zamani lina fleti 40, wanakaa wasafishaji, walinzi, wahudumu wa hoteli, kodi iko chini kwa sababu jengo limechakaa. Developa anasema nabomoa naweka fleti 200 na kati ya hizo 30 zitakuwa za bei nafuu. Kwenye taarifa itaandikwa jiji limepata nyumba 30 za bei nafuu. Sasa uliza hizo 30 ni za nani, unakuta zimepangiwa familia yenye asilimia 80 ya kipato cha katikati cha eneo lile, wakati waliokuwa wanakaa pale wanapata asilimia 30. Yaani kwa wale wa chini kabisa haijaongezeka hata moja, zimepungua 40. Tathmini ya maana lazima itenganishe hesabu kwa kila ngazi ya kipato, la sivyo inaficha watu.

Hicho kipato cha katikati sio wastani. Unazipanga familia zote kuanzia yenye kidogo mpaka yenye kingi, iliyo katikati kabisa ndo kipimo. Marekani serikali kuu inatoa viwango hivi kila mwaka kwa kila eneo, alafu kwa kawaida nyumba inaitwa nafuu kama haimalizi zaidi ya asilimia 30 ya kipato chako. Ila eneo linalopimwa ni kubwa, linabeba jiji pamoja na vitongoji vya wenye nazo, kwa iyo mtaa wa watu maskini unajikuta unapangiwa kodi kwa kufuata mishahara ya watu wanaokaa mbali huko.

Jiji la Atlanta huko Marekani walipitisha utaratibu wao 2015: sheria ndogo inayogusa nyumba inapoletwa kwenye baraza la jiji inakuja na karatasi inayokadiria nyumba zitakazoongezeka, zitakazobaki na zitakazopotea kwa miaka 30 ijayo, kila ngazi ya kipato na namba yake. Mimi naona huu mfumo ni mzuri kwa sababu diwani hawezi kusema hakujua.

New York wao wanaangalia kuhamishwa kwa aina mbili. Kuna kuhamishwa moja kwa moja, nyumba yako inabomolewa, na mradi ukigusa wakazi zaidi ya 500 kwa kawaida unachambuliwa kwa kina. Alafu kuna kule kwa pembeni, mradi unaleta nyumba 200 na zaidi, wanaingia watu wenye hela, wenye nyumba wa mtaani wanaanza kupandisha kodi, na wewe ambaye nyumba yako haikuguswa hata tofali moja unaondoka. Hii ya pili ni ngumu kupima kwa sababu lazima ukisie mtaa ungekuwaje bila ule mradi.

Na hapa tuwe wakweli, makadirio yanaweza kukosea upande wa pili pia. Utafiti uliofanyika kwenye majiji kadhaa ya Marekani ulikuta majengo mapya makubwa kwenye mitaa ya kipato cha chini yalishusha kodi za jirani kwa kama asilimia 5 hadi 7 ukilinganisha na ambavyo zingekuwa, maana wapangaji wenye hela walihamia huko badala ya kugombania fleti za zamani. Kwa hiyo kujenga kunasaidia. Ila nafuu hiyo haimfikii mtu ambaye fleti yake ndo imebomolewa kupisha jengo, huyo anahitaji pa kulala sasa hivi, ndo maana narudia kusema hesabu ya zilizopotea ikae peke yake, isizamishwe kwenye jumla.

Kuna tathmini nyingine inayotumika kupanga ada anayotozwa developa ili kuchangia nyumba za bei nafuu. Mnyororo wake uko hivi: fleti za kifahari zinaleta familia zenye kipato kikubwa, familia hizo zinanunua, zinatibiwa, zinakula nje, huduma hizo zinahitaji wafanyakazi, wengi wao mishahara midogo, nao wanahitaji pa kukaa. Unahesabu idadi yao, unaangalia pengo kati ya gharama ya kuwajengea na kodi wanayoweza kulipa, unagawa kwa mita za mraba za mradi, unapata kiwango cha juu cha ada ambayo jiji linaweza kutetea. San Francisco na Boston walianza kutoza ada za aina hii kwa majengo ya ofisi na biashara miaka ya 1980. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi za 1987 na 1994, ikasisitiza kwamba jiji linapompa mtu sharti ili apate kibali lazima kuwe na uhusiano wa kweli na madhara ya mradi na uwiano unaoeleweka, na 2024 ikasema ada haiepuki kipimo hicho kwa sababu tu imewekwa kwa sheria ya jumla.

London wanabishania kitu kingine, faida. Developa analeta hesabu kuonyesha nyumba nafuu zikizidi kiasi fulani mradi hauna maslahi, na hesabu hizo zilikuwa zinafichwa. Baadaye ukaja utaratibu kwamba ukitoa angalau asilimia 35, au 50 kama ardhi ni ya umma, na ukatimiza masharti mengine, unapita njia ya haraka bila kuleta hesabu hizo, chini ya hapo unazileta na zinawekwa wazi.

Ukipewa ripoti ya namna hii mtaani kwako, angalia nani kamlipa aliyeiandika, wameanza kuhesabu kutoka mwaka gani (maana kuna wanaowaondoa wapangaji kwanza, alafu ripoti inaandika jengo lilikuwa tupu), na sharti la unafuu linadumu miaka mingapi, kwa sababu likiisha mwenye jengo anaruhusiwa kutoza bei ya soko na nyumba ile inatoka kwenye hesabu.