Tope Tupu Si Shamba: Dhana Potofu Kuhusu Mikoko ya Dar es Salaam

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, inapokaribia, makampuni, shule na vikundi vya mtaa huja na swali moja: wapi kuna eneo wazi la kupanda mikoko 10,000? Eneo wanaloonyesha ni lilelile karibu kila mara, lile tope linalobaki wazi maji yakipwa, mbele ya mikoko iliyopo, iwe Kunduchi, Mbweni, Mtoni au Kigamboni. Jibu langu ni msipande hapo. Nimelirudia mno kwa mdomo. Sasa naliandika na sababu zake.

“Palipo na tope na maji chumvi, mkoko utaota”

Hauoti. Mkoko ni mti unaovumilia maji, hauishi ndani yake muda wote. Mahali pake ni nusu ya juu ya eneo la maji kujaa na kupwa, kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvu kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, linapokomea. Hapa Dar es Salaam maji ya bamvu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo ardhi ikiwa chini kwa nusu mita tu, mche unazama saa nyingi zaidi kila siku. Majani yanakosa mwanga, mizizi inakosa hewa, na mawimbi yanautikisa kabla haujashika. Kisha yanakuja yale magamba meupe makali, kama yanayoganda chini ya mitumbwi, yananata kwenye shina mpaka mche unalala. Ukiyaona kwenye miche ya miezi michache, usihangaike kuyabandua. Yanakuambia ulipanda chini mno.

Kabla ya kununua hata mche mmoja, jiulize kwa nini tope lile ni tupu. Pembeni yake kuna miti mama inayodondosha mbegu kila mwaka, na maji yanazisambaza bure. Ikiwa miaka yote hiyo hakuna iliyoshika, basi shida haikuwa mbegu. Sri Lanka walipanda mikoko mingi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Watafiti walipokagua baadaye maeneo 23 yaliyopandwa, kwenye 9 hawakukuta mche hata mmoja ulio hai. Kuchagua mahali pasipofaa kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Isitoshe, tope lenyewe si tupu. Ndani yake kuna minyoo, kome na kaa wadogo, na ndege wahamaji wa pwani wanaotoka kaskazini ya mbali ya Ulaya na Asia hutegemea chakula hicho wakati kule ni baridi. Mahali pengine tope limefunikwa na nyasi bahari, malisho ya kasa na malezi ya samaki wachanga. Kupanda mikoko hapo ni kuvuruga makazi ya viumbe hao kwa ajili ya miti ambayo itakufa.

Kupima kama mahali panafaa hakuhitaji mashine. Tafuta mikoko yenye afya kwenye hori (mkono wa bahari) hilohilo, ya aina unayotaka kupanda. Chagua siku tulivu isiyo na upepo. Mtu mmoja akae kwenye mikoko hiyo, mwingine kwenye eneo la kupanda, wote wana simu na fimbo yenye alama za sentimita. Maji yanapojaa na kugusa tu shina la mkoko wa mwisho upande wa baharini, wa kwanza apige simu, wa pili asome kina cha maji pale alipo dakika hiyohiyo. Akisoma sentimita 60, ardhi yake iko chini kwa sentimita 60, na mazungumzo ya kupanda yaishie hapo. Kama kwake bado pakavu, subiri uone maji yanapafikia lini. Yakifika wakati wa bamvu tu, aina za upande wa nchi kavu zinaweza kufaa. Rudia kwa siku mbili tatu, bamvu na maji mafu (yale yanayopanda na kushuka kidogo), ndipo uamini.

Kazi yenye faida mara nyingi iko nyuma, kwenye maeneo ambayo zamani yalikuwa na mikoko na sasa hayana. Mashamba ya chumvi yaliyoachwa ni mfano mzuri: kingo za udongo zimezuia maji kuingia na kutoka, jua linakausha, chumvi kwenye udongo inapanda mbali zaidi ya ile ya bahari, ambayo ni takriban gramu 35 kwa kilo. Pengine barabara imejengwa juu ya mkondo na kalvati ni dogo, maji yanatuama upande mmoja na upande wa pili unakauka. Hapo toboa kingo, fuata njia za zamani za maji, zibua au panua kalvati, kisha ngoja msimu mmoja au miwili wa mbegu. Tengeneza vipande vya mita 5 kwa 5 na uhesabu miche iliyojiotea. Ikija yenyewe, hakuna haja ya kupanda. Isipokuja, na maji sasa yanatembea vizuri, hapo ndipo kupanda kuna maana.

Na mkipanda, msipeleke ule hasa uitwao mkoko, wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu, kila mahali kwa sababu tu mbegu yake ni ndefu na haihitaji kitalu. Upande wa baharini kabisa kwa kawaida ni wa mpia, aina nyingine ya mikoko ambayo wengine huiita mlilana. Mchu unavumilia chumvi kali kuliko wenzake, na mkandaa hupenda nyuma, ambako maji hayafiki kila siku. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya rangi ya njano shingoni na huchomoka kwa kuguswa; ukilazimika kuivuta, bado. Ichomeke theluthi moja tu ya urefu wake, ncha chini, kwa nafasi ya mita 1. Kwa nafasi hiyo miche 10,000 inajaza hekta nzima, kwa hiyo ukiambiwa imeenea kwenye uwanja mdogo, imebanana. Miche ya kitaluni ivuliwe viriba, na viriba virudi mjini vyote.

“Tumepanda 10,000, tumerudisha msitu”

Idadi iliyopandwa haisemi chochote kuhusu msitu. Wekeni vipande vya kudumu vilivyochaguliwa kwa kura, si vile vinavyopendeza, na mhesabu miche iliyo hai, iliyokufa na iliyoota yenyewe, kila kundi peke yake. Fanyeni hivyo baada ya miezi 3, 6, 12, 24 na 36. Acheni pia vipande visivyopandwa pembeni. Bila hivyo hamtajua kama msitu umerudi kwa kazi yenu au kwa mbegu zilizoletwa na maji.

“Mikoko haiishi bila chumvi”

Inaishi, hata kwenye maji baridi. Huko hushindwa na mimea mingine inayokua haraka, basi.

“Kaa wanamaliza miche, wauliwe”

Wanakula baadhi, ndiyo. Lakini mashimo yao hupitisha hewa na maji kwenye udongo, na majani wanayovuta chini ndiyo mbolea. Sumu itaua msitu unaoutaka. Mbegu zikikaa kivulini siku kadhaa kabla ya kupandwa, kaa huzipenda kidogo.

“Mikoko inazalisha mbu”

Mbu wanataka maji yaliyotuama. Yupo hata mbu wa malaria anayezaliana kwenye madimbwi ya maji chumvi, Anopheles merus, ila anahitaji dimbwi lisilosafishwa na maji kila siku. Zibua mkondo, ondoa chupa na matairi. Ukikata miti, madimbwi yanabaki palepale.

“Hatujakata mti, tumemwaga kifusi tu pembeni”

Hii inaua miti mingi na haionekani mapema. Vile vijiti vinavyochomoza topeni kuzunguka mchu na mpia ni mizizi ya kupumulia. Sentimita 10 tu za mchanga au kifusi zinaweza kutosha kuifukia, na mti unaweza kuendelea kuwa wa kijani kwa muda kabla majani hayajaanza kunyauka, wakati ambapo kila mtu amesahau lori lilipita lini. Mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na anayefukia mizizi ameharibu msitu sawa na aliyeshika shoka. Kifusi kikishamwagwa, kiondolewe mapema, kwa koleo na toroli. Greda lisiingie: mizizi ya mchu inatambaa karibu na uso wa ardhi, na litakwangua pamoja na kifusi kile unachojaribu kuokoa.