Je, wajua wati hutabiri vipi muda wa mbio, na kwa nini Mombasa huziumbua?

Mkimbiaji anayetoka Tononoka na kuvuka Daraja la Nyali kwenda Kongowea huona kioja kwenye saa yake. Akipanda daraja kasi hushuka, ingawa anahema zaidi. Akiteremka upande wa pili kasi hupanda, ilhali keshajiachia. Kumbe kasi haielezi mtu amefanya kazi kiasi gani. Mapigo ya moyo nayo huchelewa, kwa sababu miguu huanza kazi kwanza, moyo ukaifuata baadaye. Ndipo wakimbiaji wakageukia namba ya tatu waliyoiazima kwa waendesha baiskeli: wati, yaani nguvu inayotoka mwilini kila sekunde.

Baiskeli ina pedali, na nguvu inayokanyagwa pale hupimwa moja kwa moja. Mkimbiaji hana pedali. Kifaa kama Stryd kinachobanwa kwenye kamba za kiatu, au saa yenyewe (Polar waliingiza hesabu hii mwaka 2018, Apple mwaka 2022), hukadiria wati kutokana na mwendo, mwinuko wa njia na uzito uliouandika mwenyewe. Ukiidanganya saa uzito wako, nayo itakudanganya wati. Na kwa kuwa kila kampuni ina kanuni zake, hakuna haja ya kubishana na mwenzako mwenye saa ya aina nyingine. Linganisha wati zako za leo na zako za mwezi uliopita, basi.

Kutoka hapo tunafikaje kwenye utabiri? Mwaka 1965 watafiti wawili wa Ufaransa, Monod na Scherrer, walionyesha kwamba ukichora jumla ya kazi ambayo misuli imefanya hadi ikachoka, dhidi ya muda iliodumu, unapata mstari ulionyooka. Mwinamo wa mstari huo ndio nguvu ya ukomo. Ukikimbia chini yake, waweza kwenda muda mrefu. Ukiipita, unakula akiba ndogo ambayo lazima itaisha.

Tuchukue mtu wa kilo 65. Siku moja anakimbia kwa nguvu zake zote dakika 3, anapata wastani wa wati 300. Siku nyingine anakimbia dakika 12, anapata wati 260. Wati moja ni juli moja kwa sekunde, kwa hiyo mara ya kwanza amefanya kazi ya juli 54,000, na mara ya pili 187,200. Tofauti ni juli 133,200, nazo zimegawanywa kwa sekunde 540 za ziada. Jibu ni wati 247, ndiyo nguvu yake ya ukomo. Akiba yake ya juu ya hapo ni kama juli 9,600 tu, na mwenye pupa huimaliza yote kabla kilomita ya kwanza haijaisha.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba gharama ya kukimbia haitofautiani sana baina ya watu. Kwenye njia tambarare mwili huunguza takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, na takriban robo yake ndiyo hugeuka kuwa kazi. Hiyo ni karibu kilojuli moja. Kwa hiyo ukigawa wati kwa kilo zako, unapata kasi yako ya mita kwa sekunde, kwa kukadiria. Mtu wetu: 247 kwa 65 ni 3.8. Kilomita 10 atazimaliza kwa dakika 44 hivi, maana mbio za urefu huo watu wengi huzikimbia karibu na nguvu yao ya ukomo.

Masafa yakirefuka, nguvu anayoweza kuihimili hupungua. Mmarekani Peter Riegel alitoa kanuni yake mwaka 1981: kila umbali ukiongezeka maradufu, kasi hupungua kwa asilimia 4 hivi. Kwa kanuni hiyo, nusu marathoni ni saa 1 na dakika 37, marathoni nzima saa 3 na dakika 22. Binafsi ile ya nusu naiamini kuliko ya marathoni, kwani wengi wasio na mazoezi marefu huishiwa kilomita za mwisho na kuipita mbali.

Sasa njoo Mombasa. Wati hazijui fukuto. Hewa ikijaa unyevu jasho hudondoka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Damu inapelekwa kwenye ngozi kutoa joto, maji yanapungua mwilini, na moyo unalazimika kupiga zaidi kwa wati zile zile. Mfano mkubwa uko hapa hapa mjini: tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Joto lilimtoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa.

Kwa hiyo huku pwani kipimo cha siha chenye maana zaidi ni wati kwa kila pigo la moyo. Wati 210 kwa mapigo 150 ni 1.40, baada ya wiki kadhaa, wati 210 kwa mapigo 143 ni 1.47, na hayo ni maendeleo. Ila pima saa ile ile na njia ile ile, tuseme Mama Ngina baada ya swala ya alfajiri. Ukipima alfajiri leo na alasiri kesho, umepima jua. Kusi likivuma nalo liangalie: vifaa vingi havihisi upepo, hivyo ukipambana nao saa inakupunja wati. Stryd iliongeza kipimo cha upepo mwaka 2019.

Mgeni wa kutoka Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, asitabiri mbio za Mombasa kwa wati alizopima kwao. Huku hewa ni nzito na oksijeni inamwongezea, lakini joto linamnyang'anya, na saa haiwezi kumwambia lipi limezidi. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema. Zikipita siku hizo, arudie majaribio yake mawili hapa hapa, saa ile ambayo mbio zitaanza, na muda wake aukokotoe kwa namba hizo mpya.