Digrii 30 haitoshi kila cheni

Ushauri uleule tena kuhusu kunoa cheni ya chenso (msumeno wa injini) kwa mashine ya jiwe: “Funga jiliwa, yaani kibanio kinachoshika cheni, kwenye digrii 30, cheni yoyote ya chenso itakata.” Cheni yoyote ipi? Ya kupasulia mbao kwa urefu hunolewa kwa digrii 10. Za kukatia magogo nyingi ni 30, lakini zipo za 25 na za 35. Namba sahihi iko kwenye karatasi iliyokuja na cheni.

Isitoshe, kuzungusha jiliwa kunapanga makali ya juu tu. Ya ubavuni yanatokana na kichwa cha mashine kinachobeba jiwe, ambacho kwa cheni nyingi huinamishwa 60. Hilo wengi wanalijua.

Kinachonikera ni mlalo wa jiliwa, yaani linavyoinamishwa kuja kwako au kwenda mbali nawe. Cheni nyingi za meno ya kona kali hutaka lilazwe digrii 10. Za kona ya mviringo kwa kawaida ni 0. Sasa mtu analaza 10, ananoa meno yote ya kushoto, anazungusha jiliwa hadi 30 ya upande wa pili na kuendelea na ya kulia, mlalo ukiwa palepale. Hapana! Mlalo nao unageuzwa: kama lililala kuelekea kwako, sasa lilale upande wa mbali nawe. Usipogeuza, jiwe linachimba chini ya kona tofauti kushoto na kulia. Msumeno unakata kwa kupinda, na lawama zinaangukia baa, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na cheni, isiyo na kosa.

Je, hizo digrii 10 zenyewe mkataji anazihisi? Kwenye mti mbichi na laini nina shaka sana. Meno yasiyolingana, hayo atayahisi kwenye gogo la kwanza.

Tena usiiamini mistari ya kwenye mashine. Cheni nyingi zina alama ndogo ya mshazari nyuma ya bapa la juu la jino. Zima mashine, shusha jiwe, tazama kama linakwenda sambamba na alama hiyo. Yakipishana, fuata jino.

Ukishanoa jino moja kila upande, simama upime urefu wa yote mawili kwa kalipa. Jiliwa lisilokaa katikati hula upande mmoja zaidi. Rekebisha kituo cha jino, kile kizuizi kinacholiegemeza jino linaponolewa, kabla ya kuendelea. Gusa na kuachia, usikandamize: jino likigeuka bluu, chuma kimeungua. Vile vinundu vya mbele ya meno vishushwe mwisho, kwa cheni nyingi takriban mm 0.65 chini ya makali.